Kicheko cha Marehemu Kibuyuni

Hapo zamani, wanangu, kabla kaburi la kwanza halijaota nyasi, wanyama walikuwa na uwanja wa maigizo. Wenye uwanja walikuwa Kiboko na Fisi. Sauti za waigizaji walizihifadhi vibuyuni. Kibuyu kikizibuliwa, hata aliyekufa alisikika.

Bi Nguchiro alikuwa mjane wa mwigizaji mmoja wa uwanja huo. Kila alasiri alimsikia mumewe akicheka uwanjani, "Kwa! kwa! kwa!" na mume huyo alimzika kwa mikono yake. Alimwomba Mungu subira. Subira ilikuja, usingizi haukuja.

Waigizaji, washonaji wa mavazi yao na wapiga ngoma wakagoma pamoja. Wakamtuma Bi Nguchiro mezani, akazungumze na wenye uwanja.

"Tunataka jambo moja," alisema. "Sauti isizibuliwe bila ruhusa ya mwenyewe, au ya wafiwa wake."

"Ebo!" akanguruma Kiboko. "Mumeo kafa, bibi. Atalalamika kwa nani?"

Fisi akadakia, "Sisi tunataka sauti zenu zote, milele. Hata yako, shemeji. Lete kibuyu!"

Bi Nguchiro akameza machozi. Akaweka mezani kibuyu kitupu, kimezibuliwa.

"Niruhusuni nikashauriane na wenzangu."

Ndiyo desturi: mjumbe hakubali neno kabla ya kuwauliza waliomtuma. Akatoka.

"Tumeshindwa, dada?" akauliza Kima, mkuu wa washonaji.

"Ngoja kwanza. Waache waongee."

Wakubwa wale hawakuwahi kujaza kibuyu wenyewe. Hiyo ilikuwa kazi ya watumishi. Hawakujua kwamba kibuyu kilicho wazi humeza kila neno.

Akarudi, akakiziba kwa gunzi, pu! "Chukueni, mabwana. Sauti zimo humu tele."

Kesho yake uwanja ulifurika. Kiboko akazibua, po!

"Watazamaji?" ikatoka sauti yake mwenyewe. "Mazuzu wale! Wape makapi, watapiga makofi!"

Ikafuata ya Fisi: "Tupatane na washonaji kwanza. Waigizaji wafe njaa peke yao. Hi! hi! hi!"

"Kumbe mazuzu ni sisi!" umati ukapiga kelele. Matope yakaruka, pwaa! pwaa!

"Kizibe!" Kiboko akalia.

"Kinazibwaje?" Fisi akakikalia. Sauti ikaendelea chini yake.

Siku ya pili hakuja mtazamaji hata mmoja. Siku ya tatu, wakubwa wakatia alama za nyayo kwenye mkataba wa kutozibua sauti bila ruhusa, mbele ya wagomaji wote. Bi Nguchiro akakabidhiwa kibuyu cha mumewe.

Akakipeleka kaburini, akakizibua polepole.

Sauti hupungua kila izibuliwapo, na hii ilikuwa imezibuliwa mara nyingi mno. Kicheko hakikuwamo tena. Ikatoka pumzi moja tu, kama ya mtu aliyechoka sana. Kisha kimya.

"Tumeshinda, dada," Kima akanong'ona.

"Tumeshinda," akajibu. Lakini kibuyu hakukiondoa sikioni.

Wanangu, wanyonge wakishikamana wataizuia dhuluma ya kesho. Ya jana, Mungu peke yake ndiye wa kuifuta.