Bi Pimbi na Watoto Waliozidi Kibali

Hadithi hodiii!

— Ingia, tukusikie!

Lo, ndiyo sauti hiyo? Hamjala? Tena! Hadithi hodiii!

— Ingia, tukusikieee!

Haya. Hii wengine huisimulia nusu nusu. Kwangu mtaipata yote, na ukoko wake.

Zamani, zamani sana, fisi alipokuwa bado anaona haya, alikuwepo Bi Pimbi. Mfupi hivi, maneno marefu hivi. Wenziwe wakienda malishoni, yeye aliwalelea watoto pangoni kwake. Mlangoni alitundika kibali cha Baraza la Wanyama: watoto sita, basi.

Na aliwapenda! Kila adhuhuri, kabla hawajalala, aliita, "Hadithi hodiii!" Nao waliitikia kama nyinyi, ila wao walikuwa wameshiba. Mmoja asipoitikia, hadithi haianzi. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya pango.

Sifa zikaenea. Akaja Swala, "Dada, nishikie na wangu." Akaja Ngiri, "Dada, nishikie na wangu." Akaja Digidigi na kitoto chake Tipe, kidogo kama ngumi, "Dada, nishikie na huyu."

Bi Pimbi akaenda kwa Bwana Kobe, mkaguzi wa Baraza.

"Niongezee watoto. Sita kwangu ni mchezo. Mimi hata ishirini nawabembeleza kwa mkono mmoja, na huu mwingine nakoroga uji."

"Msimu mzima hujalalamikiwa," Kobe akasema. "Hilo umepita. Yamebaki mawili. Toboa mlango wa pili, chatu akiingia huku watoto watokee kule. Halafu tafuta mtu mzima wa kukusaidia. Nikishaona, nitakuongezea."

"Wewe nyumba yako inaingia mtu mmoja, tena kwa kujikunja. Utajua nini habari za nafasi?"

"Ndiyo maana nazijua, bibi wee."

Bi Pimbi akarudi midomo imemvimba. Kesho yake akapokea sita wengine. Wakawa kumi na wawili. Mlango ule ule mmoja, mikono ile ile miwili.

Kobe akaja mara ya kwanza. Bi Pimbi alimwona kwa mbali, na nani asiyemwona Kobe akija? Hata mchele unaiva kabla hajafika. Akawaficha sita nyuma ya kuni. Kobe akahesabu: sita. Akaenda zake.

Akaja mara ya pili. Bi Pimbi akawaficha sita chini ya majamvi. Kobe akahesabu: sita. Jamvi likapiga chafya.

"Jamvi lako lina mafua," Kobe akasema, akaenda zake.

Akaja mara ya tatu. Bi Pimbi akawafunika sita kwa matenga, juu ya matenga akarundika majamvi. "Kimya! Asisikike mtu!"

Kobe hakuhesabu. Alikaa kitako katikati ya pango, akavuta pumzi, akaita:

"Hadithi hodiii!"

"Ingia, tukusikie!"

Wakaitikia wa mbele. Yakaitikia na matenga! Nani angeweza kujizuia?

Kobe akatabasamu. Lakini Bi Pimbi hakumtazama. Masikio yake yalikuwa yamehesabu. Sauti kumi na moja.

Angenyamaza, huenda angejitetea kwa uongo mwingine. Hakunyamaza.

"Kumi na wawili!" akapiga kelele. "Wako kumi na wawili! Tipe hajaitikia! Bwana Kobe, nisaidie, kibali chukua, nisaidie tu!"

Akarusha jamvi, akarusha tenga. La kwanza, siye. La pili, siye. Chini ya la tatu, pembeni kabisa, Tipe alilala amelegea, jasho linamtiririka. Bi Pimbi akambeba mbio hadi mlangoni, akampepea kwa kibali chenyewe.

Tipe akafumbua jicho moja. Akasema polepole, "Ingia... tukusikie."

Bi Pimbi akalia mpaka Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba.

Kilipotoka, kilisema, "Sita warudi kwao leo. Kibali nakishika. Ukimaliza yale mawili, niite."

Safari hii Bi Pimbi alisema "Haya" moja tu, na hilo peke yake ni muujiza. Alichimba mlango wa pili mpaka kucha zikaisha. Akamwomba shangazi Nungunungu amsaidie, mkali wa uji, ila kumkumbatia ni kwa mpango. Kobe akaja, akaingia huku, akatokea kule. Akampa wanane. Msimu ukapita salama, ndipo akampa kumi na wawili. Wa kwanza kuingia alikuwa Tipe.

Mnaona, nyinyi mnaojisifu? Moyo mkubwa ni mzuri, lakini mtoto halali ndani ya moyo. Analala ndani ya nyumba. Tengeneza nafasi kwanza, tafuta msaada, ndipo useme karibu.

Hadithi iliingia kwa mlango wa mbele, inatokea kwa mlango wa nyuma. Iageni!

— Nenda, urudi!