Bibi na Fremu ya Dhahabu

Siwema alimchora marehemu bibi yake kwa rangi za mafuta, na mwenye nyumba wake, Mzee Kitwana, akaitamani ile picha.

"Ijumaa iwe sebuleni kwangu, la sivyo utahama."

"Sawa, mzee. Fremu iwe pana kiasi gani?"

"Pana kabisa, ya dhahabu."

"Ukuta wako kati ya madirisha ni mfinyu. Niipanue fremu kuelekea ndani?"

"Panua."

"Picha itabanwa."

"Ibanwe. Wageni wangu wanajua dhahabu, hawajui picha."

Ijumaa wageni waliisifu fremu mpaka wakachoka. Kitwana akasogea karibu. Mbao za dhahabu zilikuwa zimekutana katikati, bila nafasi ya picha. Bibi alikuwa amebaki kwa Siwema, juu ya turubai yake, akining'inia msumarini.

"Umepata picha nzuri, mzee," mgeni mmoja akamwambia.

Kitwana akamgeukia.

"Asante."