Mlango Uliozibwa Kichuguuni

Paukwa!
Pakawa!
Nani yuko ndani?
Sote, ila mmoja.
Basi nimsimulie huyo mmoja.

Hapo zamani za kale, ukoo wa nguchiro ulikaa katika kichuguu kimoja. Desturi yao ilikuwa hivi: masika yakianza, wote huingia ndani, hubanana, huimba siku saba. Na mlango haupanuliwi. Ni kipimo cha wazee.

Walikuwepo dada wawili mapacha, Mize na Sikudhani. Mize mwembamba kama unyasi. Sikudhani mnene. Mwaka huo mawingu yalipoanza kutanda, Sikudhani akajaribu mlango. Kichwa kikapita. Mabega yakapita. Tumbo likakwama.

"Punguza mlo, mwanangu!" Shangazi Tunu akacheka, kwi! kwi! kwi! "Hilo tumbo au ngoma ya arusi?"

"Shangazi, nakula sawa na Mize."

"Sawa na Mize wawili!"

"Basi tuhesabie."

Shangazi akahesabu. Asubuhi panzi sita, jioni panzi sita, kila mmoja. Wakachimba pamoja, wakakimbia pamoja. Siku ya kumi na nne, Mize yuko vile vile. Sikudhani kaongezeka.

Akapunguza, akala watatu. Mize akikosa panzi watatu, husahau. Sikudhani akikosa mmoja tu, tumbo humwita mchana kutwa: nipe, nipe, nipe! Akapungua upana wa ukucha. Mlango ukamkataa.

Mvua ikaja. Ndo! ndo! ndo! Wote wakaingia. Sikudhani akajikunja nje, ukutani. Akausikia wimbo. Sauti ya Mize ilikwenda peke yake, ikisubiri sauti ya pili. Harufu ya mbweha ikapita na upepo. Sikudhani akaitikia kutoka nje, taratibu.

Mize, humo ndani, akaifuata sauti ya dada yake. Hapa iko mbali. Hapa iko karibu. Hapa ukuta ni mwembamba! Akakwangua, kwaru! kwaru! Udongo ukaanguka, puu! Mlango mpana, wa zamani, uliolainishwa na matumbo.

"Shangazi, mlango wa nani huu?"

Shangazi akainamisha kichwa. "Wa Bibi Mwatime, aliyetuzaa sote. Alikuwa mnene. Mwaka wa njaa kuu wembamba walikufa. Yeye mwili wake uliweka akiba, akanyonyesha hata watoto wa wenziwe. Alipokufa, tukauonea haya unene wake. Tukauziba mlango wake."

"Kumbe Sikudhani hakuiba panzi wa mtu," Mize akasema. "Amerithi. Mimi urithi huo umenipita. Dada, pita huku!"

Sikudhani akapita, chubwi, na matope yake. Hakuna aliyecheka. Sakafuni palikuwa na kishimo, alama ya mwili uliolala hapo zamani. Akajilaza. Kikamtosha sawasawa. Akafumba macho, akaanza sauti ya pili.

Wanangu, na ninyi wakubwa: mkila sawa, miili haitakuwa sawa. Chakula kina sehemu yake, na urithi una sehemu yake. Usimcheke mwenzio kwa mwili alioandaliwa kabla hajazaliwa.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni. Aliye nje na aingie.