Kiti cha Pili cha Fundi Mwanaidi

Hapo zamani, si zamani ya mbali, zamani ya mihuri, Korogwe palikuwa na fundi wa kujenga matangi ya maji, Mwanaidi Singano. Siku moja mkuu wa shule ya bweni akamwita.

"Kazi yako tumeiona, mama. Lakini hatuandikiani mkataba na mtu hivi hivi. Njoo ukiwa kitu chenye muhuri."

Mwanaidi akarudi akijitazama. Alidhani yeye ni kitu tayari.

Akamwendea mjomba wake, Mzee Kihiyo. "Andikisha jina la biashara, ufanye peke yako. Faida yako, hasara yako."

Akamwendea fundi mwenzake, Shemdoe. "Tufanye ubia, dada. Faida yetu, hasara yetu."

Akamwendea wakili Redempta, binti wa jirani. "Anzisha kampuni, mama. Kampuni ni mtu mbele ya sheria. Faida yako, hasara yake."

Hapo Mwanaidi akatabasamu. Akaanzisha kampuni, akaitisha mkutano wake mwenyewe, akajipigia kura ya ukurugenzi, akapita bila kupingwa.

Tangi likajengwa, likajaa, likapasuka. Wasichana wa shule wakarudi kuchota mtoni. Mkuu wa shule akaja juu. "Nitakushtaki mpaka nyumba yako iuzwe!"

"Nyumba ya nani?" akauliza Redempta. "Aliyekosa ni kampuni. Nayo haina nyumba, ina muhuri na mwiko."

"Basi huyo kampuni aje azibe tangi!"

Nyumba ikapona. Lakini Mwanaidi alipowaona wale wasichana na ndoo zao vichwani, akaanza kupita njia ya nyuma.

Mzee Kihiyo akavaa kanzu, akaenda shuleni bila kutumwa. "Mpwa wangu atalitengeneza. Asipolitengeneza, chukueni nyumba yangu mimi." Mkuu wa shule akapoa, kesi akaiweka kando.

Mwanaidi akaingia tangini na mwiko wake. Ufa ukamshinda. Mara akasikia mtu anapanda ngazi: Shemdoe, yule yule aliyekataliwa ubia.

"Sogea, Mkurugenzi."

Wakabomoa ukuta, wakasuka nondo upya. Safari hii tangi likashika maji.

Shule ikafurahi, ikataka matangi mengine, kwa sharti moja: kampuni iongeze mkurugenzi wa pili, mmoja tu, ili bosi asiwe anajipigia kura peke yake.

Wote watatu wakafika kwa Mwanaidi, kila mtu na kiti chake kichwani.

"Bila mimi," akasema Redempta, "leo ungekuwa mpangaji."

"Bila mimi," akasema Mzee Kihiyo, "ungekuwa kizimbani. Wewe ulijificha nyuma ya muhuri, mimi nikaitanguliza nyumba yangu."

"Bila mimi," akasema Shemdoe, "lile tangi lingekuwa chujio."

Mwanaidi akawatazama: aliyeokoa nyumba yake, aliyeokoa jina lake, aliyeokoa kazi yake. Akaishika kalamu, akaiweka, akaishika tena.

Haya, nyinyi mnaocheka, mshikieni kalamu. Je, nani alistahili kukalia kiti hicho cha ukurugenzi?