Maji Yafike Nyayoni

Nawaletea shauri lililonishinda mimi mwenyewe, kwa hiyo msisinzie.

Huko Tukuyu nyumba moja ilikuwa na watu watatu wenye vipaji. Lusajo alikuwa na sikio: kitu kikinguruma, anajua kinaumwa wapi. Dada yake Atuganile alikuwa na kiganja: akigusa kitu, anajua joto lake linapotelea wapi. Mama yao, Bibi Sekela, alikuwa na jicho, na tone la maji halikulipita.

Mwezi wa saba, baridi ikiuma, kaka yao mkubwa Ambakisye alipata mtoto baada ya kungoja miaka tisa. Mkewe Tusekile akawa anakandwa kwa maji ya moto kila asubuhi, kama mzazi yeyote. Bibi Sekela ndiye aliyemkanda, kuanzia mabegani kushuka chini. Lakini tangi la maji moto la pale bafuni lilikuwa na choyo. Wakifika kiunoni, maji ya moto yamekwisha. Tusekile alitetemeka mpaka akalia, na Ambakisye aliumia sana kumwona hivyo. Akaapa mbele ya wote, "Atakayefanya maji yafike nyayoni, huyo ndiye atakayempa mwanangu jina."

Lusajo akatega sikio. Tangi lilikuwa likitokota kama chungu cha maharage, akajua chini kuna uchafu unaokula moto. Akazima umeme, akafungua koki ya chini, ikatoka ndoo nzima ya tope na magamba meupe. Kesho yake maji yalifika mapajani.

Atuganile akalipapasa tangi. Lilikuwa na joto kwa nje, na joto la nje halimkandi mtu. Akachukua blanketi lake zito, akalishonea tangi koti, akaacha wazi penye nyaya. Yeye akalala na kanga mbili, kwa baridi ile! Kesho yake maji yalifika magotini.

Bibi Sekela, mikono ikiwa kwa mkwewe, jicho likaenda kwenye sinki. Bomba la maji moto lilikuwa likidondosha maji, nalo lilidondosha hivyo kutwa kucha. Akakata kipande cha mpira wa baiskeli, akafunga maji, akafungua kichwa cha bomba mwenyewe, akaliziba. Kesho yake maji yalifika nyayoni, likabaki na beseni la kumwogeshea mtoto. Tusekile alilala mpaka adhuhuri, uso umemnawiri.

Nyumba ikafurahi, kisha yakaja maneno. Lusajo alitaka jina la marehemu baba yao. Atuganile, ambaye hakujaliwa mtoto, alisema hatapata tena nafasi ya kumpa mtu jina.

"Mwanangu aliahidi nyayoni," akasema Bibi Sekela. "Magotini hakuahidi."

"Mama," akajibu Atuganile, "ngazi hupandwa kwa kidato cha juu peke yake?"

Tusekile akamfunika mwanawe, akasema taratibu, "Na mimi niliyembeba, sina neno?"

Ambakisye akainamisha kichwa, kwani kiapo kilikwisha kutoka. Leo mtoto ana siku kumi na moja, ameshiba, ameogeshwa, na bado anaitwa Kadogo. Haya, wewe uliyesikiliza hadi hapa, jina lake litoke kinywani mwa nani?