Miti ya Shekue

Palikuwa! Nanyi itikieni: pakakaliwa. Palikuwa! Pakakaliwa na nani? Na watu. Watu gani? Watu wa kuchungulia dirishani. Sogeeni basi. Na wewe uliyejificha nyuma ya mwenzio, toka nikuone, maana mtu akijificha mimi hudhani ana lake.

Zamani hizo bomba la maji halijafika mtaa huu wa Kichangani, na mimi ni bibi harusi wa juzijuzi, bustani hii haikuwa bustani. Ulikuwa uwanja mtupu, mpana, kutoka hapa mpaka kule kwenye maghala. Harusi zetu hapo, misiba yetu hapo, watoto kucheza hapo, na taka zetu, nisiwafiche, hapohapo. Hapakuwa na mwenyewe. Wenyewe tulikuwa sisi sote.

Akaja mtu anaitwa Shekue. Msambaa, mrefu, mpole, sauti ya chini. Akapanga chumba kwa jirani yangu Bi Riziki. Siku ya kwanza akafagia chumba chake. Sawa. Siku ya pili akafagia ua. Sawa. Siku ya tatu akaenda kufagia uwanja.

Tukamtazama. Tukatazamana. Tukasema, huyu ana lake.

Hebu niambieni, mtu gani anafagia pasipo pake? Wiki nzima alizoa taka. Wiki ya pili akachimba mashimo. Wiki ya tatu akapanda miti: mikungu ya kivuli, mijohoro, mizambarau. Hapo damu ikatuchemka. Kwetu mti wa kudumu una mwenyewe, na mwenye mti ana neno juu ya ardhi. Umwachie mtu apande mnazi mmoja uani kwako, kesho atakuuliza wewe unapita hapo kwenda wapi. Mtoto mdogo alilijua hilo.

Bi Riziki akamwendea, mikono kiunoni.

"Shekue mwanangu, hiyo miti unampandia nani?"

"Nawapandia nyinyi, mama."

"Sisi tumekutuma?"

"Hamkunituma. Lakini nimeburuta mnyororo wa wapima ardhi miaka kumi na miwili, najua kazi yao. Wakikuta miti ya watu, wanaandika pana wenyewe. Wakikuta patupu, wanaandika patupu, na patupu hupewa mtu. Na huku watakuja, mama. Kila nyumba iwe na mti wake, basi."

Maneno mazuri, sivyo? Ndiyo yaliyotutia hofu. Bi Riziki akaja kibarazani kwangu akaniambia, "Mwanakheri, umeusikia ulimi ule? Ameburuta mnyororo wa wapimaji. Basi ndio haohao waliomtuma."

Nikasema, "Ana lake."

Akasema, "Tena kubwa."

Tukang'oa. Asubuhi akienda sokoni, sisi tunang'oa. Akirudi, anapanda. Tukang'oa, akapanda. Tukang'oa, akapanda. Mimi peke yangu niling'oa mijohoro kumi na mmoja kwa mikono hii, na kila nilipoinua mgongo nilijiona nimeuokoa mtaa. Naye hakugomba. "Shikamoo, Bi Riziki. Shemeji Mwanakheri, umeamkaje?" Salamu zenyewe zikazidi kututia wasiwasi. Ung'olewe mti wako, kisha uwaamkie waliokung'olea? Wewe kule, usicheke. Ungekuwapo ungeng'oa na wewe.

Mwisho tulichoka sisi, yeye hakuchoka. Ikasalimika mikungu sita, upande huu wa kwetu, na mzambarau mmoja kule mbali, karibu na maghala. Ikapita miaka mitatu, miti ikanizidi kimo.

Ndipo wakaja. Bwana wa vipimo na vitabu vyake, vibarua wawili wa mnyororo, na nyuma yao tajiri mwenye maghala, kashika mwavuli. Mtaa mzima tukatoka. Bwana wa vipimo akauliza, "Miti hii ya nani?"

Wote tukamgeukia Shekue. Nakwambieni ukweli, nilifurahi. Nilisema moyoni, leo litajulikana.

Shekue akasema, "Mkungu huu wa Bi Riziki. Ule wa fundi cherehani." Akaitaja nyumba baada ya nyumba, mpaka mikungu yote sita ikaisha. "Na ule mzambarau wa kule mwisho ni wa shemeji yangu Mwanakheri."

Bwana wa vipimo akatuuliza mmoja mmoja. Bi Riziki akamkazia macho Shekue, kisha akasema, "Ndiyo, wangu." Fundi akasema wake. Na wengine wakasema wao. Ikanifikia mimi.

"Mama, mzambarau ule ni wako?"

Moyo ukaniambia, mtego huo. Ukikubali wataandika jina lako, kesho unaitwa barazani kujibu usiyoyajua. Nani anampa mtu mti bure? Shekue akainama akaninong'oneza, "Sema ndiyo, shemeji. Nakuomba."

Kule kuninong'oneza ndiko kulikoniharibu. Nikapaza sauti wote wasikie: "Mimi sina mti hapa, wala sikumtuma mtu anipandie."

Bwana wa vipimo akaandika. Vibarua wakavuta mnyororo mpaka kwenye mkungu wa mwisho, wakapiga kigingi. Upande huu wa wenyewe. Upande ule patupu. Kabla ya adhuhuri tajiri alikwisha ukata mzambarau, na mwezi haukwisha akapandisha ukuta ule mnaopigia mipira. Uwanja wetu ulikuwa unakwenda nyuma ya ukuta huo, mara nne ya hapa. Tulichobaki nacho ni hiki mlichokalia.

Nilimfuata Shekue, nimeshikwa na aibu hata sioni njia. Nikamwambia, "Nisamehe, shemeji. Nilidhani una lako."

Akasema, "Nilikuwa nalo. Uwanja wa kijiji changu, kule milimani, mnyororo wake niliuburuta mimi. Waliuliza kama pana wenyewe, nikanyamaza, nisije nikakosa kazi. Wakaandika patupu."

Nikalia, wanangu. Nalia hata sasa nikikumbuka.

Basi sikilizeni. Sisemi msishuku watu. Mimi mpaka leo nashuku, na mjukuu wangu huyu aliyeniletea chai kabla sijaiomba namshuku pia. Lakini ukimshuku mtu, muulize. Miaka mitatu mizima nilisema ana lake, ana lake, wala sikumuuliza hata siku moja ni lipi.

Yangu nimeyatua hapo. Mwenye kuyachukua achukue, na mwenye kuyaacha asije akasema hakuambiwa.