Mtandio wa Stambuli

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, simu zimeshaingia lakini umbea bado unapenda kwenda kwa miguu, palikuwa na mjane wa Ngamiani, Tanga, jina lake Bi Mwanjaa. Alitamani kitu kimoja tu duniani: kuiona Stambuli, mji wa Waturuki. Alirithi kwa baba yake kopo la biskuti lenye picha ya msikiti wa huko, minara imechongoka kama penseli mpya. Miaka arobaini aliweka humo sindano na nyuzi, na kila akitunga uzi huitazama ile minara akasema, "Nitakufa sijaiona."

Basi mwanawe aliyeko Muskati akamkatia tiketi. Siku saba za matembezi, na kundi la akina mama. Mtaa mzima ukajua kabla mwenyewe hajamaliza kulia.

Sasa, kufunga mzigo hajui. Safari zake zote zilikuwa za matangani, na matangani mtu huenda na kanga mbili. Akawaita watu wake watatu: wifi yake Bi Mashavu, mkamwana wake Raiyan na shoga yake Bi Sikujua. Akawaambia, na laiti ulimi ungekuwa na breki, "Atakayenifaa kuliko wenzake katika safari hii, nitamletea mtandio wa hariri."

Mtandio mmoja, wanawake watatu. Haya.

Bi Mashavu akaanza kupanga sanduku. Akatia magauni, akatia mchele, akatia birika na chupa ya achari. Kisha akatia mbuzi ya kukunia nazi.

"Wifi, kwani huko kuna nazi?" akauliza Bi Mwanjaa.

"Sijui."

"Sasa mbuzi ya nini?"

"Na ukiikuta nazi huna mbuzi, utamlilia nani?"

Mbuzi ikaingia. Bi Mashavu akaiona pasipoti juu ya meza. "Kitu kama hiki hakiachwi hivi, wezi wana macho." Akaitia ndani ya soksi, soksi ndani ya birika, birika chini kabisa, mchele juu yake.

"Umeiweka wapi, wifi?"

"Pazuri."

Akaja Raiyan, wa kisasa huyo, aliyekaa Dubai siku tatu akaisimulia miaka mitatu. Akatia kufuli mbili, na funguo akazitumbukiza kwenye mkoba wake mwenyewe. "Mama, wewe hupoteza hata miwani iliyo usoni."

Akaja Bi Sikujua. Akachukua sindano kwenye lile kopo, akalishona sanduku zima ndani ya gunia, akalizungushia kamba mafundo saba. "Baba yangu alifunga marobota ya mkonge, shoga. Fundo letu halifunguki."

Na kweli halikufunguka. Mtaa ulikodi basi kumsindikiza mpaka uwanja wa ndege, Dar es Salaam. Binti wa pale mezani akanyoosha mkono. "Pasipoti, mama."

Bi Mwanjaa akamtazama Bi Mashavu. Bi Mashavu akalitazama sanduku.

Ikawa vita. Bi Sikujua akazing'ata kamba kwa meno. Raiyan akaumwaga mkoba wake, wanja huku, poda kule, funguo hazionekani. Zilipoonekana, Bi Mashavu akamwaga mchele sakafuni, achari ikapasukia magauni, watu wakarefusha shingo.

"Nani kashona gunia?"

"Si mimi, mimi nimefunga kamba tu!"

"Nani katia kufuli?"

"Si mimi, zilikuja na sanduku!"

"Nani kaficha pasipoti?"

"Si mimi, niliihifadhi!"

Pasipoti ikatoka kwenye soksi. Binti wa mezani akasema, "Mama, ukikunja nguo, ndege inakuacha."

Bi Mwanjaa akautazama mzigo wake, mbuzi imekaa juu ya magauni, meno nje, kama inamcheka. Akaikumbuka ile minara. Akakimbia. Na nini? Na pasipoti, mkoba wa mkononi na gauni la mwilini. Njia nzima alilia.

Lakini sikilizeni. Stambuli ni mji wa vilima na ngazi. Wenzake walipandisha masanduku wakihema, wakabadili nguo mara tatu kwa siku ili wapige picha, na kila walipofika mahali wakakuta mlango unafungwa. Bi Mwanjaa? Jioni anafua gauni, asubuhi analivaa, yuko kiti cha mbele kabla dereva hajanywa chai. Aliona kila kitu. Msikiti wa kopo aliuingia, akatoka nje akaihesabu minara. Sita. Kwenye kopo ni minne. Kumbe miwili ilibanduka na rangi kabla yeye hajazaliwa. Alisimama pale mpaka shingo ikamuuma.

Akarudi na mtandio mmoja, wa kijani. Akasema mbele ya wote, "Ningekwenda na lile sanduku, nisingeona kitu. Kilichonifaa ni kuliacha."

Ai! Bi Mashavu akadakia, "Basi mtandio wangu! Nisingeificha pasipoti, sanduku lisingefunguliwa, ungelibeba mpaka huko."

"Shangazi, hebu tulia," akasema Raiyan. "Mngeitoa na kufunga tena upesi. Aliyeua wakati ni mimi na kufuli zangu."

"Kufuli!" akacheka Bi Sikujua. "Mafundo saba yale! Jino langu limebaki kwenye la nne." Akaachama. Pengo hilo, jeusi kama dirisha lisilo na taa.

Wale wale walioapa si mimi, sasa kila mmoja anaapa ni mimi.

Bi Mwanjaa akaukunja mtandio. Wifi ndiye atakayemwosha siku akifa. Mkamwana ndiye anayempikia. Shoga ndiye anayejua siri zake zote, hata ile ya mwaka wa mafuriko. Amnyime yupi?

Mtandio umo ndani ya kopo la biskuti, umelala juu ya sindano. Harusi ya mjukuu ni Ijumaa, na wote watatu watakaa mkeka mmoja, kila mmoja kichwa wazi akingoja kutandwa.

Haya, nyie mliokwisha kunywa kahawa mkanyamaza. Aliyeficha, aliyetia kufuli, aliyekaza mafundo: je, nani alistahili?